Niliahidi mabati ya kanisa, mume wangu hajui

SWALI
Shikamoo Bibi. Naishi kijijini huku Masasi, nasali Anglikana. Mume wangu naye ni Mkristo, ila kanisani anaonekana Krismasi na Pasaka. Mwezi wa kumi, sikukuu ya mavuno, niliinuka nikaahidi laki tatu za mabati ya kanisa. Korosho zilikuwa zimekubali na hela ya mnada ilikuwa njiani. Mwenzangu sikumwambia. Hela ilipoingia akalipa deni la dawa za mikorosho, iliyobaki ikaishia kwenye godoro, sanduku na sare za binti yetu aliyeanza kidato cha kwanza bweni. Nimetoa elfu arobaini tu. Sasa kila Jumapili mhazini anasoma majina ya ambao hatujamaliza, nami nimeanza kubaki nyumbani. Kuna kijana wa kangomba, wale wanaonunua korosho kichinichini nje ya mnada, anataka kunipa laki mbili na sitini sasa, msimu ukianza nimpe magunia mawili. Nikichukua kimyakimya nimalize deni la Mungu, ni dhambi?
Mama wa Watatu, Masasi

JIBU
Marahaba, mwanangu. Usiichukue hiyo hela.

Tuanze na hesabu. Gunia la korosho ni kilo themanini hivi. Mnada wa kwanza wa TANECU, ushirika wetu wa Tandahimba na Newala, wa Oktoba 2024 kilo ilipita shilingi 4,000. Bei ya msimu ujao hakuna anayeijua, lakini kwa bei ile magunia mawili ni zaidi ya laki sita, hata ukitoa makato unaona mwenyewe kijana anabaki na nini. Kangomba imekatazwa, na ndiyo inayofanya mtu apalilie, apulizie, aokote, halafu siku ya malipo akute jina lake halina kitu. Na hayo magunia ni jasho la mumeo pia. Ukiyauza asijue, kanisa litaezekwa kwa kitu ulichokitoa nyumbani kwa siri. Ndiyo, hiyo ni dhambi, nakwambia kwa upendo.

Sasa hilo unaloliita deni la Mungu. Fungua Marko 7. Yesu aliwakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, huku baba na mama zao wakikosa msaada. Hakuwasifu kwa kutoa. Soma na 2 Wakorintho 8:12: sadaka hupokewa kwa kadiri ya alichonacho mtu, si kwa asichonacho. Godoro la binti yako halikumwibia Mungu. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2016, lakini mtoto wa bweni haendi mikono mitupu, sote tunajua. Baba yake alifanya lililompasa, mwambie hivyo.

Tena hata katika Torati, Hesabu 30, mke akiweka nadhiri, mumewe akaikataa siku anapoisikia, nadhiri hiyo inatanguka na Bwana anamsamehe mke. Sikutajii andiko hili ili mumeo awe bwana wa imani yako, hapana. Nataka uone kwamba tangu zamani Mungu alijua ahadi ya mmoja inagusa chungu cha wote.

Kwa hiyo mwambie. Si mbele ya watoto wala akiwa ametoka shamba na njaa. Akishakula, akiwa ametulia, mwambie kama ulivyoniandikia: niliahidi, sikukushirikisha, naona aibu. Atakasirika, pengine atasema kanisa limemchukua mke wake. Usimjibu kwa mistari ya Biblia. Mwache aseme amalize, kisha muulize yeye anaona mnaweza kutoa kiasi gani msimu ujao. Akisema elfu hamsini, ni elfu hamsini, na hiyo itakuwa sadaka ya nyumba nzima, jambo ambalo hamjawahi kuwa nalo.

Halafu nenda kwa mchungaji, usianzie kwa mhazini. Mimi nimeshika daftari la ahadi kanisani kwetu Newala miaka mingi. Lina safu nne: jina, ahadi, ametoa, bado. Kubadilisha tarakimu kwenye safu ya ahadi ni kazi ya kalamu moja, mchungaji akikubali. Waliokuja kusema ukweli hatukuwafukuza. Wengine walileta kuku, wengine mbaazi, tukaziuza mnadani baada ya ibada na kuandika.

Na ninyi wahazini mnaosoma safu hii, acheni kusoma majina madhabahuni. Inaniuma sana. Kanisa la Masasi lilianza mwaka 1876 na watu waliotoka utumwani, Askofu Steere akiwaleta kutoka Zanzibar kupitia Lindi. Hawakuwa na laki tatu. Leo mama anabaki nyumbani Jumapili, anakosa Meza ya Bwana kwa sababu ya bati! Mfuateni kwake, kaeni naye mkekani, mzungumze.

Wewe mwanangu, Jumapili hii nenda, hata kama hujazungumza na mchungaji bado. Jina likisomwa, kaa hapohapo. Na yule kijana akirudi, mkaribishe wakati mumeo yupo, umjibu mbele yake.