Kisanduku kitupu si "hapana"

Niliwahi kukaa miezi mitatu na rejista ya wagonjwa wa saratani ya titi nikitafuta jambo moja tu: wangapi moyo wao ulishindwa kufanya kazi baada ya doxorubicin, dawa ya saratani tunayoiita wodini dawa nyekundu. Nikapata wachache mno. Nikaandika ripoti kwamba kwetu tatizo hilo ni kama halipo.

Sista mmoja wa siku nyingi akaisoma, akaniuliza: "Mwanangu, hawa wengine uliwakuta wazima, au hukuwakuta kabisa?"

Nikarudi kwenye mafaili. Kwenye safu ya moyo wengi hawakuandikiwa chochote, na nafasi hizo nilikuwa nimezijaza "hapana" mwenyewe. Mtu asiyewahi kupimwa eko, kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, nilimhesabu mzima!

Basi ukianza kazi ya namna hii, weka majibu matatu: ndiyo, hapana, haijulikani. Hesabu "haijulikani" kabla ya yote. Zikiwa nyingi, achana na asilimia, nenda katafute watu.

Na kuwatafuta ndiko kwenye kazi. Dawa hii huweza kuudhuru moyo miaka mingi baada ya matibabu, na hatari hupanda kadiri dozi zinavyojumlika, hasa zikipita miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Mama anayevimba miguu miaka minne baadaye harudi kliniki ya saratani. Anakwenda zahanati ya jirani, na huko hakuna anayemuuliza aliwahi kutibiwa nini. Kwa hiyo rejista iandike jumla ya dozi, si jina la dawa pekee, na namba za ndugu wawili, maana laini za simu hubadilika kila leo. Mmoja wangu nilimpata kupitia kwa muuza duka wa mtaani kwao.

Chunga majina pia. Mgonjwa mmoja nilimkuta kama Zaituni, kisha Zeituni, kisha kwa jina la mumewe. Mkiwa na wagonjwa watano tu wenye tatizo, mtu mmoja kuhesabiwa mara tatu ni balaa.

Na usipompata hata mmoja? Usikimbilie kuandika sifuri. Ukiwafuatilia wagonjwa 300 wote na usione tatizo, bado huenda linampata hata mtu 1 katika 100. Chukua 3, gawanya kwa idadi ya uliowafuatilia, upate kiwango cha juu ambacho tatizo huenda limefika; idadi ikiwa kubwa, kiwango hicho hushuka. Ndiyo maana hospitali kadhaa huunganisha rejista zao, ila kwanza zikubaliane ni kipimo gani kitaitwa moyo kushindwa.

Kibali cha maadili ya utafiti kitafute mapema. Hata ukiwa nacho, angalia majedwali yako: "mwanamke, miaka 34, kijiji fulani" si takwimu tena, majirani watamjua. Mimi huandika "chini ya miaka 40" na kanda, basi.