Gari likilia njiani, lisikilize njiani

Mlio wenyewe ulianza kama mbu. Nilikuwa natoka Gede na magunia ya maembe nyuma, nilipofika mwendo wa 60 nikausikia, mwembamba, hauelekezi unatoka wapi. Nikipunguza mwendo unashuka, nikikanyaga mafuta unapanda. Nikafanya wanachofanya wenye Toyota Probox wote: nikaongeza sauti ya redio.

Redio ilinisitiri kama wiki tatu. Kisha mke wangu, ambaye boneti hajui inafunguliwa wapi, akaniuliza tukivuka daraja la Sabaki: "Baba Salma, hili gari lina nini? Mbona linaguna?" Mbu alikuwa ameshakuwa fahali.

Nikalipeleka gereji moja hapa Malindi. Kijana akafungua boneti, akawasha injini, akatega sikio, akasema ni mkanda wa altaneta. Tukabadilisha, 1,800 zikaenda. Kufika barabara ya Mombasa, guno liko vile vile. Niliporudi nikaambiwa basi ni giaboksi, na giaboksi iliyotoka Japani ipo, nifikirie tu bei. Nikasema nitafikiria, nikarudi nyumbani. Ila lawama si za kijana peke yake. Mimi ndiye niliyempelekea mlio wa barabarani akausikilize gari limesimama.

Basi anza hapo. Gari likiwa limesimama, weka nyutro, kanyaga mafuta taratibu. Mlio ukipanda na injini, tafuta mbele chini ya boneti: mkanda, altaneta, beringi ya kapi. Kama gari lako linatumia pampu ya mafuta kwenye usukani, zungusha usukani. Likilia zaidi, tazama kwanza mafuta ya pampu hiyo kama yamepungua. Langu lilikaa kimya kabisa, na hapo tu ningejua kwamba zile 1,800 ningezitumia kwa kitoweo.

Jaribio la pili nililifanya alfajiri, barabara haina watu. Gari langu ni la gia za mkono. Nilifika 80, nikakanyaga klachi nikatoa gia, nikaliacha lijiendee. Injini ikashuka hadi sailensi, yaani ule mzunguko wa chini wa gari lililosimama, guno likabaki, likawa linapungua pamoja na mwendo wa gari. Maana yake anayelia anafuata magurudumu, hafuati injini. (Usizime injini kufanya jaribio hili. Breki zitakuwa ngumu, na usukani unaweza kujifunga.) Kama lingekuwa linalia ukikanyaga mafuta na kunyamaza ukiachilia, ningeshuku giaboksi, au difu kwa magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, na kabla ya kununua chochote ningepima oili yake.

Zilibaki tairi na beringi za magurudumu, na hizi mbili hudanganya watu sana. Tairi iliyolika vibaya huvuma kama beringi hasa. Pitisha kiganja juu yake kwenda mbele kisha kurudi nyuma; ukihisi meno ya msumeno upande mmoja, umempata mmoja wa washukiwa. Tena mlio wa tairi hubadilika ukitoka lami laini kuingia lami ya kokoto, lakini beringi haijali sana lami ya nani.

Kilichonimalizia ubishi ni kona. Ukikata kulia, uzito wa gari unaegemea kushoto, na beringi ya kushoto ndiyo inayobeba. Mahali penye nafasi nikayumbisha usukani kidogo, kulia, kushoto. Kulia likanguruma. Kushoto likanyamaza. Tena. Kulia likanguruma.

Nyumbani nikapiga jeki mbele kushoto, nikaweka stendi chini. Tafadhali, lile jiwe la matumbawe tunalojengea kuta lizuie gurudumu lisibingirike, lakini usiliweke chini ya gari ukaingia, linavunjika ghafla. Nikashika tairi juu na chini nikaitikisa. Hakuna mchezo wowote, yaani haikulegea hata kidogo, na wengi huishia hapo wakasema beringi ni nzima. Mimi nikaweka vidole vya mkono mmoja kwenye springi, kwa mkono wa pili nikazungusha gurudumu. Springi ikanipa habari yote: kitu kinakwaruza ndani, kama jino linapokutana na mchanga kwenye wali. Upande wa kulia, springi ilikuwa shwari.

Chanzo ninacho. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 nilipita barabara ya Garsen maji yakifika nusu ya gurudumu. Kitovu cha gurudumu kikiwa moto kikazama ghafla, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili. Grisi ikishaoshwa, kutu inaanza kula gololi polepole, miezi kadhaa bila wewe kusikia kitu.

Kuibadilisha nilimwachia fundi mzee wa Maweni, kwa sababu moja: ana presi, mashine ya kukandamiza. Beringi hii huingia kwa kubanwa, na ikiingizwa kwenye nyumba yake lazima isukumwe kwa pete ya nje. Ukiigonga nyundo kwenye pete ya ndani, nguvu inapitia kwenye gololi, na unatoka na beringi mpya iliyokufa tayari. Kama gari lina ABS, yaani breki zinazozuia magurudumu yasijifunge, muulize fundi ule upande wenye sumaku unaelekea wapi, usije ukaingia kinyume na taa ikawaka. Nati ya shafti weka mpya. Nati za gurudumu, Toyota ndogo nyingi hukazwa nyutoni mita 103, ukazirudie baada ya kama kilomita 100.

Mzee alinipa beringi ya zamani mkononi. Niliizungusha, ikanitemea maji ya rangi ya chai.

Mbu amekwisha. Lakini ile ya kulia iliogeshwa maji yale yale siku ile ile, kwa hivyo kila ninapomwaga oili napiga jeki, naweka vidole kwenye springi, nazungusha. Hadi leo bado iko kimya.