Anwani 0 kwenye gdb si uthibitisho wa usalama

SWALI: Nina programu ya C kwenye seva ya Linux, 64-biti. Inapokea picha za wateja na kuzipunguza ukubwa. Picha moja huiangusha kila mara, namba ya kutoka (exit code) ni 139. gdb, chombo cha kuchunguza programu iliyoanguka, inasema anwani ya kumbukumbu iliyoguswa ni 0, ila dmesg, yaani ujumbe wa kernel ya Linux, inaandika "general protection fault". Mwenzangu kazini anasema ni pointa tupu tu (NULL, isiyoelekeza popote), niweke `if (p == NULL) return;` kwenye mstari ulioanguka kisha nimkabidhi mteja. Je, hapa kuna tatizo la usalama?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Usimkabidhi mteja bado. Jibu ulikuwa nalo tayari kwenye dmesg, na ushauri uliopewa unalifukia.

Ingekuwa pointa tupu kweli, dmesg ingeandika "segfault at 0", yaani programu imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa kwenye anwani 0. Katika x86-64 anwani haiwezi kuwa namba yoyote tu: kwa mpangilio wa kawaida zinatumika biti 48 za chini, na zile za juu lazima zifanane na biti ya juu kabisa kati ya hizo 48. Anwani kama 0x4141414141414141 inavunja sharti hilo, kwa hiyo kichakata kinaikataa (ndiyo hiyo "general protection fault") bila kutaja ni anwani gani iliyotakiwa. Linux haina cha kuandika, inaweka 0. Hiyo 0 unayoiona kwenye gdb maana yake ni "haijulikani". Watu wangapi wamefunga faili la hitilafu kwa sababu ya sifuri hii!

Fungua gdb tena, andika `x/i $rip` halafu `info registers`. Tazama rejista (nafasi ndogo ya kuhifadhi namba ndani ya kichakata) iliyotajwa ndani ya amri iliyoanguka. Thamani yake ikiwa ni baiti zinazopatikana ndani ya ile picha (ifungue kwa `xxd`, inayoonyesha baiti za faili, ulinganishe), basi aliyetuma picha ndiye anayechagua programu yako iguse wapi. Hapo `if (p == NULL)` haina kazi, kwa kuwa p si NULL.

Siku nyingine ukikutana na segfault ya kawaida, soma namba ya "error" mwishoni mwa mstari wa dmesg: 4 ni kusoma, 6 ni kuandika, 14 ni programu kurukia anwani isiyo na kitu ikitaka kutekeleza amri. Hiyo 14 ichukulie kuwa dharura.

Lakini yote haya yanaeleza mahali programu ilipoangukia, na kosa lenye aina hii ya kuanguka mara nyingi limetendeka mapema zaidi, katika faili jingine kabisa la msimbo. Jenga upya kwa `-fsanitize=address -g -O1 -fno-omit-frame-pointer`, inayoweka kikaguzi cha kumbukumbu ndani ya programu, kisha ipe picha ileile. Ripoti itakupa aina ya kosa, kama ni WRITE au READ na ya baiti ngapi, na mstari ulioomba hiyo kumbukumbu. Huo mstari ulioomba kumbukumbu ndio wa kuukagua kwanza.

Kwenye programu za picha, anza na kuzidisha. Upana 32768, urefu 32769, baiti 4 kwa kila nukta: jumla ni 4,295,098,368. Ukihesabu kwa `uint32_t` namba inafurika na kubaki 131,072. malloc, amri ya kuomba kumbukumbu, inatoa KB 128 bila kulalamika, halafu kitanzi chako kinaandika kuelekea GB 4. Kataa vipimo vinavyozidi 16384 kwa kila upande kabla ya kuzidisha, na hesabu kwa `size_t`.

Tuseme hata ingekuwa NULL halisi. Seva inayopokea picha za mtu yeyote na kuzimika kwa picha moja bado ina udhaifu: huduma inazimwa na yeyote atakaye. Programu hiyohiyo ikiwa inasoma tu faili uliloliandika mwenyewe kwenye kompyuta yako, bila haki za ziada, hakuna mshambuliaji wa kumzungumzia. Swali la nani anatuma data linatangulia lile la anwani.

Kinachochosha ni hawa wanaouza tiba ya haraka. Mmoja anakamata SIGSEGV (ishara ambayo Linux huituma programu inapoanguka hivi) ili programu iendelee, yaani anaendesha seva ambayo kumbukumbu yake imeshaharibika. Mwingine anaweka iwashwe upya yenyewe, na kumpa mshambuliaji majaribio yasiyo na kikomo. Kama michakato inazaliwa kwa fork bila exec, yaani kwa kunakili mchakato uliopo bila kupakia programu upya, mpangilio wa anwani haubadiliki na kila jaribio linamfundisha jambo. Wapo pia wanaopiga kelele upande wa pili: wanatuma picha ya skrini ya segfault na kudai zawadi, bila faili la kuirudia. Wote wamehukumu bila kufika kwenye mstari wenye kosa.

Wala kutoanguka hakuthibitishi kitu. Heartbleed, udhaifu wa mwaka 2014 katika OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche), ilimwaga hadi KB 64 za kumbukumbu kwa kila ombi, na seva ikaendelea kuhudumia kana kwamba hakuna lililotokea.

Ripoti ikionyesha kosa liko ndani ya maktaba uliyoiunganisha, sasisha kwanza kisha urudie jaribio. Udhaifu uliopewa namba CVE-2023-4863 ulikuwa ndani ya libwebp, maktaba ya picha za WebP, ukatangazwa Septemba 2023 kama tatizo la Chrome, na programu nyingine nyingi zilizobeba maktaba hiyo zikawa wazi vilevile. Likibaki hata kwenye toleo jipya, waandikie watunzaji kwa njia yao ya siri: ambatisha picha uliyoipunguza kwa `afl-tmin` (hubakiza baiti chache zinazotosha kuiangusha), toleo, amri ya kujengea na ripoti nzima. Wasipojibu, TZ-CERT, kikosi cha Tanzania cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, wanaweza kukusaidia kuwafikia. Picha yenyewe usiiweke hadharani kabla ya kiraka kutoka.