Mapwa ya Chwaka mchana: tuende siku gani?

SWALI: Shikamoo bi mkubwa. Nimekulia Dodoma, bahari naijua kwa picha. Mwezi ujao tutakuwa Chwaka, Unguja, kwa shemeji yangu. Nataka kutembea na wanangu wawili, wa miaka 8 na 12, kwenye mapwa, pale panapokauka maji ya bahari yakitoka, baada ya chakula cha mchana, kisha turudi kwa njia ya maweni. Mume wangu anahofia maji kujaa. Je, kuna hatari?
Mama wa wawili, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Nendeni, lakini kwanza muulize shemeji yako, "Leo mwezi ngapi?" Atakujibu kwa tarehe ya mwezi wa Kiislamu, maana pwani bahari husomwa hivyo. Mwezi mosi na mwezi 15 ni bamvua: maji hutoka mbali sana, lakini hupwa kwenye saa nne asubuhi, na saa kumi jioni yamejaa tele. Mkingoja mle kwanza, mmeshachelewa. Mwezi 7 na 22 ni maji mafu. Yanapwa jioni, ila hayatoki mbali. Ninyi tafuteni mwezi 18 au 19. Hapo bado mapwa ni mapana, na maji hupwa kati ya saa sita na saa nane mchana. Shukeni mapema, na chakula mle mkirudi.

Mumeo hakukosea. Ghuba ya Chwaka ni tambarare, maji hayaji kwa wimbi ukaliona. Hutangulia kwenye mikondo, yaani mifereji inayokatiza mapwa, na mkondo huwa nyuma yako, kati yako na nyumbani. Nililijua hilo nikiwa na miaka 11. Nilimfuata bibi kuokota chaza, nikazidi kwenda kwa sababu mbele kulikuwa kukavu kabisa. Kugeuka, mkondo tuliouvuka kwa maji ya kifundoni ulinifika kiunoni, tena unavuta. Bibi alifungua kanga ya kichwani, akashika ncha moja, mimi nyingine, tukavuka hivyo.

Hakunigombeza. Kesho yake alinipeleka kwenye tope la mikoko, akanionyesha kaa wadogo, madume yenye gando moja kubwa. Tulichuchumaa kimya mpaka maji yakakaribia. Mmoja baada ya mwingine wakaingia mashimoni na kuziba milango kwa tope, na bado mimi sijaona tone. "Hao ndio saa yangu," alisema. Mpaka leo nikiona wanaanza kuziba, nageuka, hata kikapu kiwe kitupu.

Vaeni raba kuukuu za kufunga kwa kamba. Ndara hubaki topeni, na jiwe la maweni hukata nyayo. Kwenye vidimbwi burura miguu, samaki aitwaye taa, mwenye mwiba mkiani, hulala mchangani na akisikia mtikisiko huondoka mwenyewe. Mkikuta vigingi na kamba za mwani, zungukeni. Ni shamba la mtu.

Huko maweni hakuna kivuli, bebeni maji ya kutosha. Wengi hupapita haraka, mimi napapenda: muhogo umeota kwenye kiganja cha udongo kati ya mawe, na kuta za mawe zimepangwa kwa mikono kuzuia nguruwe mwitu. Waonyeshe watoto.

Mwombe shemeji akutafutie mama mmoja anayeshuka pwani kila siku, afuatane nanyi, na mumlipe siku yake. Huyo wa miaka 8 mshike mkono kwenye kila mkondo, hata ule uliokauka.