Kula nje na mtoto mwenye mzio wa karanga

Mwanangu wa pili alikuwa na miaka 4 siku tuliposhuka kwenye basi kula chakula cha mchana, njiani kwenda Moshi. Mnajua vituo vile vilivyo: kondakta ameshatangaza dakika 20, foleni imefika mlangoni, anayepakua anamtazama mtu wa nyuma yako wakati wewe bado unachagua. Nikamuuliza binti aliyekuwa ameshika upawa, "Dada, kuna karanga hapa?" Akanijibu kwa heshima zote, "Karanga hatuna, mama." Nikachukua wali, kuku na mchicha.

Mtoto alikula vijiko vitatu vya mchicha akaacha. "Mama, ulimi unaniwasha." Nikamgeuza uso, nikaona mdomo wa chini umeanza kuvimba na vipele vimemtoka shingoni kama aliyeumwa na siafu. Halafu akaanza kukohoa kikohozi kikavu, na sauti yake ikawa nzito kama ya mtu mzima. Baba mmoja aliyekuwa anakula meza ya jirani aliinuka bila hata kunawa mikono, akatuingiza kwenye gari lake, akatukimbiza hospitali. Tulifika. Mpaka leo ninamwombea dua baba yule.

Siku ya kurudi nilimtafuta yule binti, na sikwenda kwa ugomvi. Mchicha ulikuwa umeungwa kwa karanga za kusaga, kama unavyoungwa nyumbani kwa nusu ya watu ninaowajua. Yeye hakunidanganya. Alidhani naulizia karanga za kutafuna, zile za vifuko, na kweli zilikuwa zimeisha. Aliposikia kilichotokea alikaa chini pale pale akajifunika uso kwa kanga.

Sisi wenyewe tulikuwa tunajua kwamba karanga zinamtoa vipele, maana kashata iliwahi kumfanyia hivyo. Hatukujua kuwa mara ya kwanza inaweza kuwa vipele na mara ya pili ikawa pumzi. Daktari ndiye aliyetufafanulia, na naliandika hapa kwa ajili ya mzazi ambaye bado anasema "vipele tu".

Bibi yao alitaka mtoto asile nje tena. Nilimwelewa, lakini nilikataa. Familia yetu inapenda kula nje, na ndugu zetu wametapakaa: wengine Mombasa, wengine Muscat kule Oman, mdogo wangu yuko Leicester, Uingereza. Sikutaka mwanangu awe yule anayekaa na chupa ya maji huku wenzake wanakula. Mwaka huu ametimiza miaka 11, na katika miaka hii 7 hatujakimbilia hospitali tena. Nitaeleza tunavyofanya.

Swali la "kuna karanga?" nimeliacha kabisa. Sasa nasema sentensi nzima: "Mwanangu akila karanga koo linavimba, anashindwa kupumua. Mboga hii mmeiunga na nini?" Neno "kuunga" linampeleka mhudumu moja kwa moja kwenye sufuria. Na ukisema "anashindwa kupumua", mtu anasimama. Ukisema "ana aleji", wengi wanadhani unachagua chakula, na ukisema "hapendi" ndiyo umekwisha kabisa. Baada ya hapo naomba kuongea na mpishi. Mhudumu anajua kilichopo kwenye menyu, mpishi anajua kilichoingia kwenye chungu. Sijawahi kukutana na mpishi aliyekasirika nikimwendea vizuri, na nikikuta foleni ya watu wenye njaa nasubiri ipungue.

Kwa hapa Bara, mboga za majani ndizo za kuangalia kwanza: mchicha, kisamvu, matembele, majani ya maboga. Ukifika Dodoma na Singida, ongeza mlenda. Kuna kingine kinachosahaulika, nacho ni uji wa asubuhi hotelini. Uji wa lishe mara nyingi una karanga ndani ya unga wenyewe. Huzioni, huzisikii harufu, na mtu aliyenunua unga dukani huenda hajasoma pakiti. Mwanangu anakunywa uji wa mahindi mtupu au chai. Halafu kuna upawa. Mama lishe anaweza kuwa na maharage safi ya nazi, lakini upawa mmoja unatoka kwenye kisamvu unaingia kwenye maharage, na hapo kazi yote imeharibika. Naomba upawa mwingine kabla hajapakua. Akisahau akapakua na ule ule, nalipia sahani ile nampa baba yao, kisha tunaanza upya. Kukwangua na kutoa juu juu hakusaidii.

Mombasa ndiko nilikojifunza kuhusu majina. Tulikwenda mgahawa mmoja upande wa Mji wa Kale, watoto wamechoka na jua, nikafungua menyu macho yakatua kwenye "nyama karanga". Moyo ulinipiga. Nikaanza kuwakusanya watoto tuondoke. Mzee aliyekuwa anahudumu akaniuliza kulikoni, nikamweleza. Akasema, "La, mama, hiyo ni nyama ya kukaranga. Haina njugu hata moja." Kukaranga ni kukaanga, basi. Nyama ile ilikuwa imekaangwa kwa vitunguu na nyanya, na mwanangu aliila mpaka akafuta sahani kwa chapati.

Lakini jambo lile lilinikosesha usingizi usiku, kwa sababu niliwaza kinyume chake. Kama pale karanga ni njugu, basi siku zote mbili tulizokwisha kula Mombasa nilikuwa naulizia kitu kwa jina ambalo mwenyeji anaweza kulichukulia kuwa namna ya kupika. Na mtu wa Bara ukimwambia "njugu" anaweza kufikiria njugu mawe. Unguja utasikia njugu nyasa, na ndizo hizo hizo. Tangu siku ile nasema majina yote kwa mkupuo: karanga, njugu, njugu nyasa. Watu wananitazama, lakini hakuna anayebaki na shaka.

Ukipata nafasi ya kuchagua, chakula cha pwani ni rafiki wa mtoto huyu, maana kinaungwa kwa nazi. Mahamri na mbaazi za nazi, viazi karai, samaki wa kupaka, wali wa nazi: hapo anakula kama watoto wengine. Narudia tu swali langu, kwa sababu kila jiko lina mkono wake.

Forodhani, Unguja, inataka jicho zaidi. Jioni pale ni raha, bahari mbele, taa za wachoma mishkaki, juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Lakini ni meza kwa meza, na kila meza ina vyake. Kwenye pweza na mishkaki natazama moto na nauliza nyama imelowekwa kwenye nini. Kwenye urojo namwomba muuzaji anitajie kila anachotia, kimoja kimoja, kabla hajaanza, kwa sababu mkono ukishaanza kutia haurudi nyuma. Kwenye ile wanayoiita pizza ya Zanzibar, yule kijana alikuwa na kopo la siagi ya karanga pembeni ya mayai, na kisu kimoja. Hapo tulisema asante tukasogea. Mwanangu alilia kidogo, nami nilimwacha alie, kisha tukaenda kwenye mishkaki. Na jambo jingine la Forodhani, lisilohusu mzio: kubalianeni bei kabla mshikaki haujafika kwenye sahani.

Muscat tulikwenda kwa shangazi yao, ambaye amezaliwa Unguja na Kiswahili chake ni kitamu kuliko changu. Alitupeleka kwenye mgahawa wenye vyumba vya familia, mnakaa chini kwenye mazulia, pazia linafungwa, linaletwa sinia moja kubwa la wali na nyama mbele ya wote. Kwa familia yenye watoto wadogo sijaona mpangilio mzuri kama huo. Lakini sinia ni moja na mikono ni mingi, kwa hiyo tunampakulia yeye kwanza, sinia likiwa bado halijaguswa.

Shangazi alimuuliza mhudumu kwa Kiarabu kama kuna ful sudani, ndilo jina la karanga. Kijana akatabasamu akatikisa kichwa, na mimi tabasamu lile nililijua, ni la mtu ambaye hajaelewa. Alikuwa ametoka India, kama walivyo wapishi na wahudumu wengi kule. Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya karanga zikiwa na maganda yake. "Moongphali!" akasema, akaenda jikoni mbio na simu yangu mkononi, akarudi na mpishi. Mpishi alinionyesha kwa kidole: hii ndiyo, hii hapana. Tangu siku hiyo picha ile ipo kwenye simu yangu, kwenye simu ya baba yao, na imechapwa kwenye kadi ndani ya begi la mtoto pamoja na maneno mawili matatu kwa lugha ya tunakokwenda. Ukitaka kufanya jambo moja tu baada ya kusoma makala hii, fanya hilo.

Halwa tuliiacha. Vipimo vilionyesha kwamba tatizo lake ni karanga, na korosho anakula nyumbani bila shida yoyote, kwa kuwa karanga ni jamii ya maharage na korosho ni tunda la mti. Lakini pale dukani njugu za kila aina zilikuwa zinachotwa kwa kijiko kimoja. Shangazi alihuzunika, maana halwa kwake ndiyo heshima ya mgeni. Nilimshika mkono nikamweleza, akaelewa, na kesho yake akampikia mkate wa kumimina.

Leicester ndiko nilikostarehe kuliko kote, kisha nikakasirika, kisha nikaelewa. Uingereza kuna sheria, tangu Desemba 2014, kwamba anayeuza chakula lazima aweze kukuambia kama kina chochote kati ya vitu 14 vinavyojulikana kuleta mzio, na karanga zimo, zimetajwa peke yake mbali na korosho na lozi. Mhudumu analeta orodha, unasoma mwenyewe. Chakula kinachofungwa dukani hapo hapo, kama sandwichi, tangu Oktoba 2021 lazima kiandikwe viungo vyote. Sheria hiyo ya pili inaitwa kwa jina la Natasha Ednan-Laperouse, binti wa miaka 15 aliyefariki mwaka 2016 baada ya kula mkate uliokuwa na ufuta ambao haukuandikwa popote kwenye kifungashio. Wazazi wake ndio walioipigania. Mimi kila nikisoma kile kibandiko nawakumbuka.

Kilichonikasirisha ni mgahawa mmoja wa vyakula vya Asia. Tuliingia watu saba, tumevaa vizuri, ni siku ya kuzaliwa ya mdogo wangu. Nilipotoa maelezo yangu, msimamizi akasema, "Samahani, jikoni kwetu karanga zipo kila mahali, siwezi kukuhakikishia. Afadhali asile hapa." Nilijiona nimefukuzwa mbele ya wanangu. Tukatoka kwenye baridi. Mdogo wangu ndiye aliyenituliza pale nje: "Dada, huyo amekuambia ukweli. Yule wa Moshi angekuambia hivyo si ungemshukuru?" Kweli. Sasa jibu la namna hiyo nalipokea kwa mikono miwili. Ninayemwogopa ni yule anayesema "hamna shida" kabla sijamaliza sentensi.

Kuhusu bili nitasema kidogo, kwa sababu watu huniuliza. Uingereza maji ya bomba ni bure ukiyaomba kwenye mgahawa wenye leseni ya pombe. London aghalabu wanakuongezea asilimia 12.5 ya huduma, na una haki ya kuomba itolewe, ingawa mimi mhudumu aliyenisaidia kwa mtoto namwachia hata zaidi.

Dawa haikai kwenye sanduku la safari, inakaa nasi mezani. Daktari alituandikia sindano ya adrenalini na kutufundisha kuitumia: unachoma pajani kwa nje, hata juu ya suruali, mara tu pumzi au sauti inapobadilika. Vidonge vya mzio vinapunguza vipele lakini havifungui koo, kwa hiyo usivisubiri. Mtoto alale miguu ikiwa juu, au akae kama anahema kwa shida, asisimamishwe na asitembezwe. Halafu ni hospitali hata kama ameshapata nafuu, kwa sababu hali inaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Muulize daktari wako kuhusu mtoto wako. Dozi hufuata uzito wake.

Kuanzia miaka 8 tulianza kumwachia aulize mwenyewe, mimi nikiwa nyuma yake. Mwanzoni aliona haya, sauti haitoki. Wiki iliyopita tulikuwa Magomeni, mchana, kwa mama lishe ambaye hatujawahi kula kwake. Nilikuwa bado nalipa bajaji nikamsikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nikupe nini?"

"Samahani mama, mimi nikila karanga nashindwa kupumua. Mboga hizi umeziunga na nini?"

Yule mama akaweka chini alichoshika. Akafunua sufuria moja moja, akimwinamishia aone. "Hiki kisamvu kina karanga, usikiguse kabisa. Maharage haya ni nazi tupu. Samaki ni chumvi na ndimu." Akautazama upawa mkononi mwake, akauweka kando, akainama chini ya meza kutafuta mwingine.