Kujifunza kufunga jigi za krapi: mwombe mzee jigi kuukuu, mfumue pamoja

Mkuu, nimesoma swali lako. Umehamia Bowling Green, hapa jimboni Kentucky, Marekani, mwenzako wa kazini kakupeleka Barren River Lake, mkavua krapi kwa jigi alizofunga mwenyewe, na sasa nawe unataka kufunga zako. Umeuliza ununue boksi kamili la vifaa, ukae na video, au utafute mtu wa kukufundisha, na mwishoni ukauliza kama unaweza kuziuza. Mimi nipo Kentucky muda mrefu. Kufunga jigi nilifundishwa na wazee wanaovua Kentucky Lake na Lake Barkley, na kila baridi ikiingia bado nakaa nao mezani. Nakujibu kwa namna nilivyofundishwa.

Kwa faida ya wengine: krapi ni samaki wa Marekani wa maji yasiyo na chumvi, bapa, mtamu sana akikaangwa, na wapo weupe na weusi. Si samaki mkubwa. Rekodi ya dunia ya krapi mweupe, aliyevuliwa Enid Lake, Mississippi, mwaka 1957, ni kilo 2 na ushei tu. Jigi ni ndoano yenye kichwa cha risasi (ile metali nzito) karibu na tundu la kupitishia mshipi, na nyuma ya kichwa unafunga manyoya na uzi mpaka ifanane na dagaa mdogo au mdudu wa majini. Ndiyo kazi yenyewe.

Jibu langu fupi: tafuta mtu. Video zina faida yake, ila kamera karibu zote huonyesha mkono wa kulia, ule unaozungusha uzi. Kazi ngumu iko mkono wa kushoto, kidole gumba na cha shahada vinavyobana manyoya juu ya ndoano wakati uzi unapita. Hapo ndipo jigi inapokaa sawa au inapopinda, na hutaona kitu mpaka ukae upande wa kushoto wa anayefunga, macho yako usawa wa jiliwa, yaani kibanio kinachoshika ndoano.

Sasa utampata wapi? Nenda duka la chambo lililo karibu na ziwa, asubuhi, siku isiyo ya wikendi. Kwenye kaunta utakuta jigi za mikono zimepangwa kwenye kopo au ubao, mara nyingi hazina hata lebo. Nunua mbili, kisha muulize mwenye duka nani kazifunga. Mara nyingi ni mzee wa hapo hapo, na mara nyingine amekaa kwenye kiti nyuma yako anakunywa kahawa. Huku kusini mzee huitwa Mister na jina lake la kwanza, basi mwite hivyo. Na jambo moja la adabu ulishike sana: usimuulize anavua wapi. Krapi hujificha kwenye matawi na miti iliyozama, na wavuvi wengi wameizamisha wenyewe, mierezi na hata miti ya Krismasi baada ya sikukuu. Mahali pale ni siri yake. Muulize kuhusu jigi tu, atakueleza mpaka jioni. Mahali atakupeleka mwenyewe siku akiona umefaa.

Ukishampata, usimwombe kanuni. Mwombe jigi kuukuu. Hili ndilo nililokusudia hasa kukuandikia, kwa sababu sijaona njia nyingine inayofundisha haraka namna hii.

Mzee aliyenianzisha alitoa kwenye kasha lake jigi iliyotafunwa na samaki, nyeusi na kijani cha ndimu, mkia umebaki robo. Akaibana kwenye jiliwa, akakata fundo la mwisho kwa wembe, akanipa ncha ya uzi niuzungushe kinyume. Ukaanza kutoka mzunguko kwa mzunguko. Kwanza ikaachia kola ya manyoya shingoni. Chini yake nikaona mwisho wa shenili, ile kamba yenye vinyweleo inayofanya tumbo. Nikaikunjua mpaka nyuma, nikakuta imefungwa kwa uti wake tu, vinyweleo vimeng'olewa kwenye ncha ili pasiwe na donge. Chini ya shenili palikuwa na shina la manyoya ya mkia, nalo halikukatwa pale mkia ulipoanzia: limelazwa juu ya ndoano mpaka kichwani, ndiyo maana tumbo lilikuwa na unene mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Chini kabisa, kitanda cha uzi mtupu juu ya chuma na mabaki ya gundi. Kila tabaka likitoka ananiuliza, "Hili linazuia nini?" Kitanda cha uzi huzuia vyote vya juu yake visizunguke kwenye chuma laini. Shina refu huzuia mkia usichomoke samaki akiuvuta. Tulipomaliza tukawa na ndoano tupu mezani, akanisukumia bobini, kile kishikio cha uzi, akasema funga ulichofumua.

Fumua za watu tofauti. Mmoja utakuta anaweka tone la gundi kwenye kitanda cha uzi, mwingine anaamini mkazo wa uzi peke yake. Mmoja anafungia mkia juu kabisa ya pindo la ndoano, mwingine anausogeza mbele kidogo ili usijikunje kwenye pindo. Nao wanabishana kweli kweli, na kwenye ubishi wao ndiko utakakosikia sababu ambazo hakuna aliyepanga kukufundisha.

Somo la pili ni mkazo. Kabla hajaniruhusu kugusa manyoya, alinitaka nizungushe uzi kwenye ndoano tupu na kuvuta hadi ukatike, kwa makusudi, halafu nianze upya. Mkono ukishajua uzi unakatikia wapi, unafanya kazi yote kwa mvuto wa chini kidogo ya hapo. Jigi nyingi zinazofumuka ziwani zilifungwa na mtu aliyeuogopa uzi wake.

Vifaa. Boksi kamili usinunue. Lina manyoya ya rangi ambazo hutazigusa na jiliwa dhaifu inayoachia ndoano unapokaza. Weka pesa kwenye jiliwa nzuri, bobini yenye mrija wa kauri usiokata uzi, na mkasi mdogo mkali. Uzi wa denia 140 (denia ni kipimo cha unene wa uzi) unatosha kuanzia, mwembamba zaidi ya huo utakusumbua. Vichwa chukua vya wakia 1/16, na vichache vya 1/32. Ndoano iwe ya waya mwembamba, ile ya umbo la Aberdeen. Utazitupa kwenye matawi kila siku, na ndoano ya waya mwembamba ikinasa, ukivuta taratibu hunyooka na kuchomoka. Unaikunja tena kwa koleo, unaendelea kuvua. Mkiani tumia marabu. Zamani manyoya haya yalitoka kwa korongo wale wakubwa wanaozurura majalalani Kampala, siku hizi ni ya bata mzinga wa kufugwa. Ni laini kiasi kwamba jigi ikisimama tuli majini mkia bado unacheza. Hiyo ndiyo siri ya jigi ya mkono kuishinda ya plastiki maji yanapokuwa baridi na samaki mvivu: huhitaji kuitikisa.

Ukifunga, loanisha vidole kabla ya kushika marabu, vinginevyo yatapepea kila upande. Pima mkia kwa ndoano yenyewe. Urefu wa shina la ndoano unatosha, ukizidi sana krapi atauma mkia na kuiacha ndoano. Ukitaka kuupunguza usitie mkasi, kwa sababu ncha iliyokatwa kwa mkasi hukaa butu na haichezi. Bana kwa kucha uinyofoe. Pale pa kubana kwa vidole vya kushoto, pitisha uzi ukiwa legevu juu ya manyoya, uingize katikati ya vidole, ushushe upande wa pili, ndipo uvute wima. Ukivuta mapema manyoya yatazunguka na kwenda ubavuni. Kisha funga shenili, rudi na uzi mbele, zungusha shenili zikigusana bila kupandana, kaza nyuma ya kichwa. Fundo la mwisho ni uzi kujizungushia wenyewe mara 4 au 5 halafu ncha inavutwa chini ya mizunguko hiyo. Tone la gundi, au rangi ya kucha isiyo na rangi, basi.

Na tumia manyoya kidogo. Kila ninayemwona anaanza hufunga jigi nene, kwa sababu mezani inapendeza. Ikilowa ni kitu kingine. Itumbukize kwenye glasi ya maji ndipo uihukumu. Marabu yanayoonekana mengi yakiwa makavu hunywea na kubaki umbo jembamba la samaki mdogo, na hilo ndilo unalolitaka.

Kuhusu risasi nitasema kwa ukali kidogo, hasa kama una watoto ndani. Risasi ni sumu. Nunua vichwa vilivyokwisha kumiminwa, usianze kuyeyusha mwenyewe. Huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na tone moja la maji likiingia kwenye sufuria yake linarusha chuma cha moto usoni. Nawa mikono kila umalizapo, usile mezani pa kazi. Majimbo kadhaa ya kaskazini mashariki, kama New Hampshire na Maine, yana sheria kali za risasi za kuvulia kwa sababu ndege wa majini huzimeza wakafa. Ukisafiri huko, soma sheria zao kwanza.

Kupaka kichwa rangi, kabla hujafunga manyoya, ni rahisi. Unapasha kichwa moto, unakichovya kwenye rangi ya unga mara moja na kukitoa, unga unayeyuka na kushika. Kabla haijakauka pitisha sindano kwenye tundu la mshipi. Utakuja kushukuru alfajiri moja, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, unapofunga jigi nyingine na mshipi ukapita bila kugoma. Kisha zioke kwenye oveni ndogo ambayo haitaingia chakula tena.

Rangi za kuvulia ni ubishi usioisha. Maji ya tope, mimi nyeusi na kijani cha ndimu. Maji maangavu, nyeupe na buluu, au nyeupe na waridi. Nje ya hapo sishindani na mtu. Nina msimamo zaidi juu ya namna jigi inavyoning'inia. Macho ya krapi yamekaa kuelekea juu ya kichwa, anaona vizuri kilicho juu yake, kwa hiyo mteremshie jigi mpaka juu yake kidogo, usimpite. Na iwe imelala mlalo. Samaki mdogo asiye na wasiwasi haogelei kichwa juu. Fundo lako likiteleza mbele ya tundu jigi itasimama wima. Lisogeze kwa ukucha lirudi juu ya tundu kila baada ya samaki. Akikamata, inua fimbo tu, usikwanyue. Midomo yake ni ngozi nyembamba na hupasuka.

Majira yako yanakuja. Maji yakifika nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi, mwezi wa 4 hivi kwa huku kwetu, krapi husogea kando, kwenye maji mafupi, kutaga mayai. Wazee hawaangalii kipimajoto, wanaangalia mti wa dogwood ukichanua. Usisahau leseni: Kentucky mwenye miaka 16 na kuendelea lazima awe nayo, na mwaka wa leseni huanza Machi 1, kwa hiyo ya mwaka jana haitakufikisha kwenye msimu huu. Idadi na urefu wa samaki hutofautiana ziwa kwa ziwa, pata kijitabu cha mwaka husika.

Kuhusu kuuza. Kumpa rafiki hakuna neno. Ukianza kuuza, hata mtandaoni, hata kidogo kidogo, serikali ya shirikisho inakuhesabu mtengenezaji, na vifaa vya uvuvi wa michezo vina kodi yake ya asilimia 10 ya bei ya mtengenezaji, inayotolewa taarifa kila robo mwaka kwa Fomu 720. Watu wengi wanaofunga mezani nyumbani hawajui hili mpaka wapate barua. Kwa sheria ya Dingell-Johnson ya mwaka 1950, fedha za kodi hii hurudi kwenye majimbo kwa ajili ya samaki na sehemu za kushushia boti, kwa hiyo mimi siioni kama uonevu. Ila bei upange ukiijua. Ukifika hatua hiyo ongea na mtu wa kodi kwanza, na vichwa ununue kwa jumla, kwa sababu ukinunua vichache vichache vya dukani, bei ya kichwa na ndoano peke yake italingana na ile ambayo duka la chambo litakulipa kwa jigi nzima.

Ukifunga za kwanza, weka picha hapa, ubavu na juu, zikiwa zimelowa.