Je, wanajiona mateja?
Kaka, umeuliza kama Wazungu wanaomeza vipimo vidogo vidogo vya LSD (dawa ya kulevya inayoleta njozi) au uyoga wa kulevya hujiona mateja. Wengi hawajioni hivyo kabisa. Wanajiona watu wa kazi na familia: kipimo ni kama sehemu ya kumi ya kile kinacholewesha, wengine hutumia siku moja na kupumzika mbili, na wanakifananisha na kahawa au vitamini. Nawaelewa. Babu yangu hapa Urambo alifungua kikopo chake na kubwia ugoro kila alfajiri kabla ya kuingia shambani, na neno "kilevi" hakulikubali mpaka tunamzika. Ila katika jaribio la vipimo hivyo la chuo kikuu cha Imperial College London la 2021, lenye watu 191, waliomeza vidonge vitupu visivyo na dawa bila kujua nao walijisikia vizuri karibu sawa na wenzao waliomeza dawa yenyewe.